Wimbo wa Mama Kwenye Vidole

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilifika Johannesburg na mkasi mfukoni, nikashona suruali za watu kando ya barabara, na leo nina maduka matatu ya ushonaji, moja hapa hapa mtaani Turffontein. Shule niliiacha mapema, wala sikuona ilichonipunguzia.

Mama alipofariki kule Bukavu, sikuwahi mazishi. Nikaomba misa huku, na kwaya iimbe wimbo alioutunga mwenyewe, aliokuwa akituimbia akitwanga sombe, majani ya muhogo. Ndugu zangu walishatangulia. Aliyeujua nilibaki mimi tu. Nikawaambia wanakwaya, "Nisikilizeni, mshike."

Nikaimba. Mwalimu wao, mama wa Kikenya anayefanya kazi benki, akaniomba nirudie.

"Mzee, mara ya kwanza pale mwisho ulipanda. Sasa umeshuka. Mama aliimba vipi?"

"Hivyo hivyo!"

"Hivyo vipi?"

"Patron, bosi wetu, leo umeshikwa!" akadakia mwimbaji mmoja wa besi. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijaribu tena, ikatoka namna nyingine kabisa. Eish, nikaogopa. Wimbo ulikuwa unanitoka, na ukinitoka mimi umekwisha duniani.

Mwalimu akaushika mkono wangu wa kushoto, akaandika kwa kalamu kwenye pingili za vidole: do, re, mi. Akasema njia hiyo anasifiwa nayo mtawa mmoja wa Italia aliyeishi kama miaka elfu iliyopita. Waimbaji wa mtawa huyo walikuwa wakimaliza miaka wakikariri nyimbo, akawapangia sauti kwenye mistari, jicho lione ipi iko juu na ipi iko chini.

Nilitaka kubisha. Mtawa wa Kizungu atamjulia wapi mama yangu? Lakini mwalimu alianza kugusa pingili, nami nikaimba polepole nikimfuata. Kufika mwisho akashuka. Koo langu likakataa. Akapanda, nikamsikia mama.

"Hapo!" nikasema, machozi yakinitoka mbele ya watu.

Jumapili wanakwaya waliuimba kutoka kwenye karatasi alizowaandikia mwalimu, watu ambao hawakuwahi kumwona mama. Hata binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu, aliuimba wote. Nilisimama nimeinamisha kichwa mpaka ukaisha.

Nilikuwa nimekuja na bahasha nene ya pesa. Mwalimu akaisukuma kando.

"Lipia fotokopi tu, mzee."

Randi thelathini na sita.