Malkia na Chumba cha Watfa

Watfa, mjane aliyeoka mkate pale Wadi Sidra, alikuwa na mbuzi wawili na mdomo mkali. Mbuzi walimtoka mwaka ule mfalme alipooa mwanamke wa Hungaria.

Hakuna aliyemwonya Malkia Ilona kwamba kwetu ukisifu kitu cha mtu, mwenyewe hana budi kusema "Kimekujia," na kitu ndicho hicho, kimekwenda. Kwao alifunzwa kusifu kila anachokiona, maskini. Alipita mitaani na "Zuri! Zuri sana!" yake, akarudi ikuluni na mazulia, majambia na mbuzi wa Watfa.

Msafara wake ulipoonekana tena, jirani Dahir alipaza sauti ukutani:

"Watfa! Ficha kuku, msifiaji huyo anakuja!"

"Na wewe utajificha wapi?"

"Mimi nani atanisifu?"

"Hapo umesema kweli."

Malkia aliingia, akaliona birika la shaba la marehemu mume wa Watfa, akafungua kinywa. Watfa akamtia kipande cha mkate wa moto mdomoni. Askari wakatumbua macho.

"Kula kwanza, binti yangu. Na ukiendelea kusifu vitu vya watu, mji mzima utabaki uchi."

Alipoelezwa, malkia uso ulimwiva, kisha akacheka hadi machozi. Kesho yake vitu vyote vilirudi kwa wenyewe, mbuzi wamenenepa ajabu. Tangu hapo akawa anakuja kwa Watfa kukanda unga, wakipiga soga mpaka tanuri lipoe. Hakusifu tena kitu, hata mkate aliula akipepesa macho tu.

Ndoa yenyewe haikufika mbali. Mfalme alimpa talaka, ati hazai, ati anacheka mno. Mwenye kucheka mno aachwe! Akaambiwa meli inamngoja. Lakini kwao hakukuwa na wa kumpokea: mama alikwisha fariki, na mke mpya wa baba hakutaka hata kumsikia.

Ilona alikuja kuaga na sanduku mkononi, dereva wa kumpeleka melini akipiga honi nje. Wakanywa chai. Watfa alikuwa na neno. Mwoka mkate atamwambiaje aliyekuwa malkia akae kwake? Aliona haya, akajiinamia kwenye kikombe.

Ilona akainuka. Akatazama ngazi, na kule juu, kwenye chumba kidogo kilichojaa magunia ya unga.

"Mama Watfa," alisema, "chumba chako kile ni kizuri. Kizuri sana."

Watfa akamkazia macho. Alijua fika kwamba binti huyu hasifu ovyo siku hizi.

"Kimekujia," alijibu, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Ila magunia utashusha mwenyewe."

Nje honi ikalia tena.

"Dahir!" Watfa aliita. "Mwambie huyo dereva aende zake. Binti yangu yuko nyumbani."