Mwalishi Asiyetumwa

Mama alikuwa mwalishi wa kijiji chetu huku Kiuyu. Mwenye harusi, maulidi au khitma humpa ujumbe, naye hupita nyumba hadi nyumba kuufikisha. Kwenye kila mlango huulizwa kwanza, "Kakutuma nani?" ndipo aseme, na hakuongeza wala kupunguza neno. Mimi nimemrithi vibaya: siwezi kutamka jambo mpaka niwe na hakika nalo lote.

Daktari wa Wete alipotwambia mama ana saratani ya ini, na imeshakwenda mbali, sikulia. Nilianza kusoma. Sayansi yangu iliishia skuli. Nilijifunzia kwenye simu, nikipanga na kupangua maelezo ambayo hakuna aliyeniomba. Mama alishikilia kwamba dada yake, anayekaa Pujini, ndiye aliyemtupia maradhi, kwa ugomvi wao wa mikarafuu ya urithi. Nilitaka afe bila chuki. Naona haya kuandika afe, lakini ndivyo nilivyowaza.

Asubuhi moja, nikimpangusa miguu iliyovimba, nikamweleza. Seli ya ini ina milango. Ujumbe wa kukua hupokewa mlangoni, ukapitishwa na waalishi wa ndani, huyu kwa yule, mpaka chumba cha katikati, na seli ikajigawa. Kazi ikisha, waalishi hunyamaza. Katika saratani mmoja huharibika, akawa hanyamazi. Anaalika tu, na seli zinaongezeka tu.

"Kwani haulizwi kakutuma nani?" akasema mama.

"Haulizwi."

"Na kamtuma nani?"

"Hakuna, mama."

 Akasema hao ni waalishi gani wasio na adabu, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Nenda Pujini," akasema. "Mwambie dada yangu: nimejua si wewe. Njoo."

Njia nzima nilijihukumu. Sikumwambia kwamba huenda kirusi cha homa ya ini, kilichokaa mwilini miaka, ndicho kilichomharibu huyo mwalishi. Sikumwambia kwamba njia za ujumbe ni nyingi, ukiziba moja hufunguka nyingine, na kwamba dawa za kuziba zipo ila ini lake limeshachoka kuzipokea. Nilisema hakuna, kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Mama mkubwa alifungua mlango nusu. Hakunikaribisha. Aliniuliza nani kanituma.

"Mama."

Nikampa maneno yake. Akaingia ndani, akatoka na buibui mkononi, akalivaa tukiwa tunakwenda.

Tulipofika mama alikuwa hai, lakini hatambui mtu. Macho yake ya manjano yalikuwa wazi, yakimpita dada yake kama yanavyompita mgeni. Mama mkubwa akakaa kitandani, akamshika mkono, akamwita kwa jina la utotoni. Akaita tena. Halafu akanigeukia.

"Hebu sema alivyosema."

"Nimejua si wewe. Njoo."

Hakuuachia mkono wa dada yake, akaniambia niseme tena.