Mama na Tanga Yake "Iliyokufa"

Jamani, mama yangu ataniua kwa hasira!

Mwaka mzima kanizuia kumfuata mume wangu Tanga. "Mji umekufa ule, mbu na matope tu."

Leo tumetoka naye Pangani, tuje kumrudisha mume wangu Hamisi nyumbani. Mama kabeba mpaka debe la maji!

Kumbe tangu bei ya mkonge ipande, mji umejengwa upya. Mjini barabara za lami na taa za umeme. Mtaa wa Mabawa, anakokaa Hamisi, ni nyumba mpya tu, bomba liko hapo hapo nje.

Hamisi akasema, "Shikamoo mama. Nifunge mizigo?"

Mama akanawa uso bombani, taratibu. Kisha akanigeukia mimi:

"Mwanamke gani wewe, unamtupa mumeo mji mzuri hivi?"

Mimi!

Nyie mngemjibu nini?