Tatu Hakuchelewa

Haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ile siku niliyosema neno moja ndani ya studio ya watu, na neno lenyewe lilikuwa "Mtoeni." Aliyekuwa anatolewa ni wifi yangu Tatu, dada wa mume wangu, mtu niliyekuwa nakula naye sahani moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, uzuri ninao, sauti ninayo, akili sina. Ningeweza kufa bila kuwasimulia nyie, vizuri tu. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu amelirudia kosa lilelile mbele ya macho yangu, tena kwa kubonyeza kidude, nikasema basi, leo nasema, atakayechukia achukie.

Mimi kwetu Kisarawe mjini, nikaolewa Mzenga. Nilipofika kwa mume wangu Shabani nilimkuta Tatu kaachika, karudi kwa mama yake, lakini ulimi wake haukuwa umeachika hata kidogo. Siku ya kwanza nilipopika aliutazama ugali wangu akasema, "Wifi, huu ungefaa kukandikia ukuta." Nikamwambia, "Basi leta ukuta, mie nimeshakanda." Akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo tukawa mtu na pacha wake, na mnajua mawifi walivyo, kupendana kwetu watu walikuona kama uchawi.

Tulikuwa tunatwanga mpunga pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Nyie wa mashine hamjui, ngoja niwaambie. Wangu ukishuka, wake uko juu. Wake haushuki mpaka wangu umetoka kinuni, maana ukishuka mapema michi inagongana na mtu anaweza kupoteza meno. Kwa hiyo unamsikiliza mwenzako anavyovuta pumzi, humwangalii hata mkono. Humo humo ndimo tulimoimba. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili, chini yangu kidogo, nyuma yangu kidogo. Hatukufundishwa na mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi sauti moja tuliiona haina maana.

Shabani alikuwa na gitaa la nyuzi tano, wa sita ulikatika hakupata mwingine. Mchana mmoja, mvua inanyesha, akasema turekodi ili kuwe na kitu cha kuwasikilizisha watu wa mjini. Tukaingia jikoni, tukaweka redio kaseti juu ya kinu tulichokifudikiza, betri zilishaanikwa juani toka jana yake ili zipate nguvu. Tukaimba wimbo wetu, "Korosho zimeanguka, nani wa kuziokota." Tumefika ubeti wa pili, jirani akapiga hodi. Tatu hakuacha kuimba. Alisema "Karibuuu" kwa tuni ileile, karibu yake ikaingia kwenye wimbo kana kwamba ilitungwa. Shabani alicheka lakini mkono wake haukusimama. Kicheko kimo, mvua imo, hodi imo. Siku hizi mnaita demo. Sisi tuliita ya kujaribia, na tuliionea haya kidogo.

Kanda ikafika Dar es Salaam kwa bwana mmoja mwenye studio, akatuita. Tulikwenda mimi na Tatu, Shabani kabaki na mavuno, tumevaa kanga sare, doti mpya. Kule fundi mitambo akatutenganisha, mimi chumba hiki, Tatu chumba kile, kila mtu na vitu vya masikioni. Tatu hanioni, hasikii pumzi yangu, anasikia wimbo tu. Akaanza kusuasua. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi akaniita kwenye mitambo yake akasema, "Dada, wewe uko vizuri sana. Huyu wa pili anachelewa. Hapa tuna binti anajua kazi, anaweza kuimba sehemu yake. Unasemaje?"

Aliniuliza mimi, mwanangu. Hakuniamrisha. Tatu alikuwa upande wa pili wa kioo ananitazama, hajui tunasema nini, akanipungia mkono. Nami ile "uko vizuri sana" ilishaniingia kichwani kama pombe. Nikasema, "Mtoeni." Usiache mbachao kwa msala upitao, methali hiyo niliimba darasa la tatu na kupigiwa makofi, na siku ilipotakiwa sikuikumbuka.

Tatu alikaa kwenye benchi nje, mkoba wangu mapajani, mpaka tukamaliza. Njia nzima ya kurudi hakusema. Na Tatu akinyamaza, jua anaumwa.

Wimbo ukatoka, redio ikaupiga. Nikaita majirani, nikakaa katikati yao nimejishaua. Mama mkwe wangu, mama yake Shabani na Tatu, alisikiliza mpaka nusu akasema, "Zima. Niwekee ile ya jikoni." Nikaiweka, maana yule bwana wa studio alishaturudishia. Akaisikiliza yote, na ilipofika kwenye karibu akatabasamu. Kisha akawaaga majirani kwa adabu, tukabaki wawili.

"Mwanangu, umetwanga na Tatu miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Amewahi kukugonga na mchi?"

"Hajawahi."

"Kwa nini hajawahi?"

Nikaitoa kanda kwenye redio, nikaanza kuifuta vumbi kwa kanga.

"Kwa sababu anakungoja utoe wako," akasema. "Huyo hachelewi. Anakungoja wewe. Na wewe umekwenda kumwita mchelewaji mbele ya watu wasiomjua. Huo wa redioni umenyooka, sawa, lakini humo hamna mtu aliyemngoja mwenzie." Hakupaza sauti. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Nililia. Na kwa kiburi changu cha Kisarawe, pamoja na kulia kote huko, nilikaa siku sita ndipo nikaenda kumwomba radhi. Nilimkuta anatwanga peke yake. Akanisikiliza, akasema, "Wifi, nimekusamehe toka juzi. Ila kuimba na wewe siimbi, mpaka useme kwa mdomo wako, mbele za watu, nani alichelewa." Nikamwambia mbele za watu ndiyo nini sasa, si nimeshakuomba hapa? Akasema, "Ulinitoa mbele za watu." Akaendelea kutwanga.

Basi ikaja harusi ya mtoto wa jirani, ukumbi ni uwanja, wanawake wamejaa mikekani, nikaombwa niimbe. Nikasimama. Nikasema, "Ule wimbo mnaousikia redioni, Tatu hayumo. Nilimtoa mimi. Nilidai anachelewa. Tatu hakuchelewa, ni mimi niliyekimbilia sifa."  Kisha nikamsikia Tatu kule nyuma mkekani, "Rudia, wa huku hawajasikia!" Astaghfirullahi, mwanamke yule! Nikarudia. Ndipo vigelegele vikapigwa, naye akainuka, akajipangusa kanga polepole ili nizidi kuadhirika, akaja kusimama nyuma yangu kidogo. Tukaimba.

Tangu hapo tuliimba harusini na kwenye ngoma za mwali miaka mingi, na studio hatukukanyaga tena. Shabani alitangulia, na Tatu amefariki mwaka wa tatu huu, Mungu awarehemu. Ule wa redioni hata sijui uko wapi na siutafuti. Ile kanda ya jikoni niliitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, na sauti ya Tatu duniani kote imebaki humo tu.

Nina mjukuu anaitwa Idrisa, anakaa Kibaha, huku upande wa Tumbi, ana chumba chake kina kompyuta na vipaza sauti, vijana wanakwenda kurekodi. Mtoto mzuri, ana heshima. Nikampelekea kanda aihifadhi kabla haijaoza. Baada ya wiki akanipigia niende. Nikaenda nimevaa vizuri, maana nilikuwa nakwenda kumsikia wifi yangu.

"Shikamoo, bibi. Kaa hapa. Kanda ilikatika nilipomaliza kuiingiza kwenye kompyuta, lakini usijali, nimeisafisha yote."

Akabonyeza. Toba yarabi! Mvua haipo. Hodi haipo, karibu haipo, kicheko cha babu yake hakipo. Chini kaweka ngoma zinadunda du, du, du. Na Tatu yupo nami sawasawa, tunaingia pamoja, tunatoka pamoja, kama askari wa gwaride.

"Tatu umemfanya nini?"

"Bibi Tatu alikuwa anachelewa kidogo, bibi. Nimemsogeza."

Nilisimama. Magoti yangu haya mnayoyajua, lakini nilisimama mara moja. "Mrudishe."

"Bibi, watu wa siku hizi hawasikilizi kitu kina makelele..."

"Wasisikilize! Nilikwambia nawatafuta? Nimekuletea wifi yangu umhifadhi, wewe umemtengeneza. Nani kakwambia kaharibika?"

"Bibi, mbona unakuwa mkali? Nimewapendezesha tu."

"Ile ya kwanza iko wapi?"

 Akageukia kompyuta, akaanza kufungua hiki, kufunga kile. Kanda imeshakatika, mwanangu, na kijana ananyamaza. Nikajua sasa nimemtoa Tatu mara ya pili, na safari hii hakuna harusi ya kwenda kuungama. Nikashika meza.

"Ipo, bibi," akasema mwishowe. "Nilidhani nimeifuta. Ipo."

Nikakaa. Nilipopata pumzi nikamwambia aiweke kama ilivyo, aondoe hayo madude yake yanayodunda, na mvua inyeshe. Akaiweka, kanuna. Tukaisikiliza. Ilipofika kwenye karibu alicheka, hakujizuia. Kisha akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena, akainamisha kichwa.

"Bibi," akasema, "hapa unavuta pumzi, halafu naye anavuta. Kumbe mlikuwa mnasikilizana."

"Sasa wewe ulidhani tulikuwa tunafanya nini?"

Akaniomba aiweke huko kwenye mitandao yao watu waisikie. Nikamwambia iende na hodi yake na mvua yake. Asiyeitaka apite, njia ni pana. Wamesikiliza wangapi sijamuuliza, na sitamuuliza.

Sasa nisikilizeni, wanangu. Mashine siichukii. Mpunga wangu mwenyewe siku hizi unakwenda mashineni, mgongo hautaki tena kinu. Lakini mtu si mpunga. Mkitaka kujua kwa nini nyimbo za zamani za watu wawili na gitaa moja zinawashika moyo kuliko zile zenye kila kitu, ni kwa sababu mle mnasikia mtu anamsubiri mtu, na hakuna kidude kinachojua kusubiri. Msiionee haya ile ya kujaribia. Mara nyingi ndiyo yenyewe, na mkiitupa majuto ni mjukuu, wangu mimi alikuja kweli na kompyuta.

Na siku atakapokuja mtu mwenye mitambo mikubwa na maneno matamu akwambie wewe uko vizuri ila mwenzako anachelewa, muulize kwanza anapima kwa saa ya nani. Mwambie huyu ndiye niliyekuja naye na ndiye nitakayeondoka naye. Wakikufungia mlango, wafunge. Mtaimba jikoni. Na kama umeshamtoa mtu wako, usikae siku sita kama mimi. Nenda leo, na kama ulimvunjia heshima mbele za watu, usiende kumwomba radhi chumbani.

Mungu awape wenza wa kuimba nao. Awape masikio ya kuwasikia wakivuta pumzi, na pale watu watakapotaka kuwatoa, awape na kiburi cha kusema hatoki mtu hapa. Amin.