Jina la Kanga Nililolibadilisha

Ile katuni niliianzisha mimi, na naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kujisema vibaya. Tulikuwa mwaka wa mwisho chuoni, tukapewa kazi ya kikundi: filamu fupi ya dakika tatu, yote iwe imechorwa na sisi wenyewe. Wazo lilikuwa langu. Mama mmoja amegombana na jirani yake. Anaingia Kariakoo kutafuta kanga yenye jina la kuomba radhi, anazunguka duka kwa duka, mwishoni anaipata, anajifunga na kurudi nyumbani. Basi. Duka la mwisho lilikuwa la mama yangu, nimeliiga mpaka ile ngazi ya mbao ya kupandia rafu za juu.

Wazazi wangu ni watu wa Kilimanjaro, na waliuza kanga kwa jumla tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mchanga nililazwa juu ya marobota. Majina ya kanga niliyajua kwa mamia, kama watoto wengine wanavyojua nyimbo za redioni. Kwa hiyo nilijiambia kwamba filamu hii hakuna wa kuninyang'anya.

Aliyeninyang'anya alikuwa msichana mpole. Kikundi chake kilivunjika, mwalimu akamleta kwetu katikati ya muhula. Kwao ni Mchafukoge, familia ya Kiarabu ya siku nyingi, wana duka la vyombo chini na wao wanaishi ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Siku ya kwanza aliomba aone michoro yangu. Akamtazama yule mama niliyemchora kwa wiki tatu.

"Mzuri sana," akasema. "Ila hatembei."

Ilikuwa kweli. Miguu nilikuwa nimeipishanisha kama kitabu kinavyofundisha, lakini mama wa watu alionekana kama kabati linalosukumwa. Siku mbili baadaye yule msichana akaja na michoro ishirini na minne. Kwetu michoro kumi na miwili ilikuwa sekunde moja, kwa hiyo alituletea sekunde mbili tu. Ndani ya sekunde hizo mama alipiga hatua tatu, akasimama, na kwa kuwa mikono yake ilishika vifurushi, akaipandisha kanga kiunoni kwa kiwiko, kisha akaendelea na safari.

Kikundini tulikuwa na vijana wawili, mmoja wa sauti na mwingine wa kuunganisha picha. Walipiga kelele kama wameona goli.

"Oya, huyu bimkubwa namjua!" akasema yule wa sauti. "Huyu ni wa kwetu Ilala kabisa!"

Mimi pia nilicheka, huku roho inaniuma. Kile kiwiko nilikuwa nakiona dukani kwetu kila siku ya Mungu, na haikunijia hata mara moja kwamba ni kitu cha kuchora. Yeye kakiona wapi? Kwa nini yeye?

Kuanzia siku hiyo mhusika akawa wake. Hakuna aliyepiga kura, ila kila mtu alijua. Mimi nilipewa nguo na maduka. "Si unajua kanga wewe," akaniambia yule wa kuunganisha picha, akidhani ananisifu. Kutoka mwenye filamu nikawa mchora maua.

Ningevumilia kama isingekuwa habari aliyotuletea mwalimu. Siku ya maonyesho angekuja mwenye studio moja ya katuni hapa mjini, naye angechagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kufanya field, kujifunza kazi, kwake. Mmoja tu, kati yetu wote. Hiyo studio niliitaka tangu mwaka wa kwanza. Nilishajiona nimekaa kule ndani, na sasa kila nikifumba macho nilimwona yeye kwenye kiti changu.

Kama hiyo haitoshi, akaomba aje dukani kuangalia wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo."

Mama yangu hamwambii mtu kaa saa za biashara. Hata mjomba husimama. Huyu alikalishwa juu ya robota, akapewa chai kwenye kikombe changu, kile chenye mkono uliovunjika kidogo. Akauliza wateja wanachaguaje. Mama akamweleza, kwa raha zake, kwamba anayenunua kanga ya kupatana hulisoma jina kimya kimya, lakini anayenunua ya ugomvi humwomba muuzaji amsomee kwa sauti, apate kulisikia likitoka kinywani mwa mtu.

Alipoondoka nikamuuliza mama mbona mimi hajawahi kuniambia hayo.

"Hujawahi kuuliza. Wewe ukija hapa unaangalia simu." Kisha akaongeza, kana kwamba sijaumia vya kutosha, "Yule mtoto ana macho."

Wiki hiyohiyo ndipo nilipomalizia picha ya mwisho, yule mama wa filamu akitoka dukani ametugeuzia mgongo, kanga mpya kiunoni. Jina tulilokubaliana wote wanne lilikuwa Yaliyopita si ndwele. Nililifuta. Mahali pake nikaandika Hasidi hana sababu.

Pwani hii mtu humwambii usoni. Unavaa, unapita mbele yake, na mwenye kusoma atasoma. Nilijiaminisha kwamba hasidi ni yeye, aliyekuja mikono mitupu akakuta kwangu kumeiva. Picha ile ingekaa sekunde mbili, herufi zilikuwa ndogo, hakuna ambaye angewahi kuisoma. Yeye peke yake, kwa kuwa ndiye wa kumvisha mhusika wake ile nguo, angeona na kujua. Nikaituma kwenye kundi letu la simu: "Kanga tayari."

Akajibu: "Poa. Imependeza."

Sikusikia neno lingine. Nilingoja agombe, anune, alie. Alinisalimia vilevile, akaniletea na visheti vya bibi yake. Nilivila, vilikuwa vitamu, na hilo nalo likaniudhi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Filamu yetu ilikuwa ya tatu. Kiwiko kilipotokea watu walicheka, kama nilivyojua watacheka. Kisha ikaja picha ya mwisho, nami nikakaza meno kungoja sekunde mbili zipite.

Hazikupita. Mama alitoka dukani, akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaizungusha ile kanga kiunoni taratibu mpaka maneno yakakaa katikati, nyuma, sawasawa. Akavuta pumzi. Ndipo akaondoka kwa maringo ambayo sikuwahi kuyaona kwenye michoro yetu, na maneno yangu yakaondoka naye yakiyumba huku na huku, makubwa, yanasomeka mpaka kiti cha nyuma kabisa. Sekunde sita nzima. Aliongeza michoro arobaini na minane, peke yake, bila kuniambia.

Ukumbi ulilipuka. "Hee! Si alifuata radhi huyu?" akapiga kelele mama mmoja nyuma yangu, na watu wakazidi kucheka, wakipigana mapaja. Walikuwa wameielewa filamu yangu kuliko mimi. Mtu anazunguka mchana kutwa kutafuta msamaha, anarudi na fumbo, kwa sababu moyo wenyewe haujataka. Nilikaa katikati ya kicheko kile nikiona haya mpaka masikioni. Hasidi waliyekuwa wanamcheka nilikuwa mimi, tena nimejiandika kwa mkono wangu.

Mwenye studio, mama wa makamo aliyekaa mstari wa mbele, akasimama.

"Ule mwisho," akasema. "Nani kauwaza?"

Kipaza sauti kilikuwa karibu na yule msichana. "Jina la kanga alilibadilisha mwenzangu huyu," akasema, akininyooshea mkono. "Sisi wengine tulikuwa tumeandika la kupatana."

Yule mama akanigeukia. "Na kule kusimama je? Kutupa nafasi ya kusoma? Maana filamu yote iko pale."

Kipaza sauti kikafika mikononi mwangu. Nikamtazama mwenzangu. Hakuwa amekasirika wala haombi kitu. Alikuwa anangoja nijibu, kama watu wengine wote pale ukumbini. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili: ni yeye.

"Asante," nikasema. "Asante sana."

Nikakaa. Watu wakapiga makofi.

Nafasi ya studio niliipata mimi, na baada ya field wakanichukua moja kwa moja. Mpaka leo niko pale. Wananipa kazi za miisho, wanasema najua kumaliza hadithi. Nikipewa mtu wa kutembeza hutafuta namna ya kumkalisha kitini.

Siku ile, tukishuka ngazi za ukumbini, nilimuuliza kama alijua ile kanga nilimkusudia nani.

"Bibi yangu ana sanduku zima la kanga alizowavalia mawifi zake," akasema. "Nilijua siku ileile uliyoituma."

"Sasa kwa nini ukairefusha?"

Akanishangaa kidogo. "Si ilikuwa nzuri kuliko ile yetu?"

Nilimwonea wivu wakati ule kuliko siku zote. Mimi kitu kizuri cha kwake nilikuwa nakiona kama nimetukanwa. Yeye nilimtukana kweli, akaona kizuri, akakitengeneza. Tulishuka ngazi zilizobaki.

"Nilidhani utasema kule juu," akaniambia, akaenda zake.