Oili ya Mkono wa Baba

Kila nipitapo karibu na gereji, harufu ya oili iliyoungua hunipokea. Wengine huziba pua. Mimi husimama nikavuta pumzi kama mwehu. Msinicheke. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, na sina picha yake hata moja.

Tulikaa Biryogo, hapa Kigali. Baba, mzaliwa wa Bujumbura, alisafirisha bidhaa za wafanyabiashara kwa gari lake kuukuu la rangi ya maziwa. Alikuwa nalo kabla hajamwoa mama, na mama kwa utani aliliita "mke mkubwa".

Katika kuchagua oili, baba hakuwa na haraka. Dukani alichovya kidole kwenye kopo moja, kisha jingine, akaisugua kwa kidole gumba huku muuzaji akikunja uso.

"Injini iko mzee," alikuwa akisema. "Inataka oili nzito, ishikamane." Nyepesi, kwake, ilikuwa mgeni asiyevua viatu: inapita tu.

Jumamosi moja ya mwaka 1992 alimwaga oili ya zamani, akajaza mpya, akajifuta mikono kwa tambara. Wiki iliyofuata homa ilimlaza, na hakuinuka tena.

Baba mdogo alishika usukani, na kwa gari lile tukaendelea kula. Miezi ikapita. Siku moja akaja na kopo jipya. Oili imekuwa nyeusi, alisema, lazima imwagwe. Mama akasimama mbele ya boneti.

"Hapana, shemeji. Hii oili iko ya mkono wake. Ongeza juu tu."

Akaongeza. Alipokuja tena, alijibiwa vilevile. Sisi watoto tulinong'onezana kwamba mama amekuwa bahili. Injini nayo ikaanza kugonga, kwanza kwenye vilima, baadaye hata kwenye tambarare.

"Shemeji," baba mdogo alimwambia kwa upole, "injini ikikufa, hawa watoto watakula nini?"

Mama alitutazama mmoja mmoja. Akaingia ndani, akatoka na beseni.

"Mwaga. Lakini humu ndani, tone isianguke chini. Halafu weka ile nzito, yenye alikuwa anapenda."

Oili ilitoka nyeusi tititi, na mama alilia kama siku ya mazishi. Nilimwonea haya mbele ya majirani. Nani hulilia uchafu? Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda naye makaburini. Mtaani watu walipaka oili chafu nguzo za ua ili mchwa wasizile. Mama aliupaka msalaba wa mbao wa baba oili ile ya beseni, taratibu, mbele na nyuma, akiliruka jina lake lisifutike.

Gari lilipotea mwaka 1994, na baba mdogo pia, na mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa mimi mwenyewe ni mjane. Shati la mwisho alilovaa mume wangu limo kabatini, sijalifua, na binti yangu ananiambia linanuka. Najua. Nikilishika ndipo ninapoelewa mama alikuwa akiulizwa nini siku ile, mbele ya boneti: amshike mumewe, au sisi tule. Akachagua tule.