Mshambuliaji Aliyeruka Ukuta

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenibakizia macho hadi uzeeni nikayaona na haya.

Mtoto wa jirani yangu hapa Chang'ombe ya Dodoma nilimfundisha Kurani, akakua akawa mshambuliaji wa kubishaniwa redioni. Msimu mmoja alisaini timu mbili. Uliofuata akafungiwa kwa kumsukuma mwamuzi. Mwaka jana mabao yalimkauka, kocha akamwambia kwamba asipofunga kwenye mechi ya hapa Dodoma, aondoke.

Siku hiyo nilikwenda uwanjani kumwombea. Nilimkuta nje, ameshapanda ukuta, na geti liko wazi.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Mbona huko juu?"

"Getini wapinzani wametega dawa."

"Sisi wote tunapita hapo hapo."

"Nyie hamkabwi na mabeki, ustadhi."

Nikamuuliza kama Ayatul Kursi, aya ya kinga niliyomfundisha, ameisahau. Akasema anaisoma kila siku, ila ukuta ni wa tahadhari. Akaruka, akatua juu ya jiwe, kifundo cha mguu kikateguka. Mechi aliitazama akiwa benchi, mguu umefungwa barafu, na mwenzake aliyechukua nafasi yake akafunga mawili.

Jioni nilimsikia redioni akihojiwa, sauti kama ya mtu aliyetwaa kombe: "Si mmeona wenyewe? Nilisema wametega."

Kesho yake kocha alimwacha. Mimi bado namwombea, sasa kwa dua ndefu zaidi.

Nawe msomaji, Mola akuzidishie afya, na akili ya kuitunza.